Nilivujisha karatasi ya jaribio la chumba cha kuongozea ndege, aliyeumia ni mtani wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nyuzi zenu nimezisoma nikicheka peke yangu, nyingine nikiwa mapumziko kazini. Kuandika sijawahi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia bila kujiharibia.

Nitalieleza lilivyokuwa, hata pale litakaponionyesha mimi ni mtu wa hovyo. Wale wa "hii chai" nawaomba wasome mpaka mwisho kwanza. Mtu hatungi chai ya kujidhalilisha mwenyewe.

Majina yote nimeyabadilisha, langu likiwemo. Kiwanja sikitaji.

Twende.

Mimi ni mwongoza ndege. Sio rubani, na sio wale wanaopunga vijiti kule chini ndege ikiegeshwa. Mama mkwe wangu mpaka leo anawaambia wenzake wa jumuiya kwamba mkwe wake ni trafiki wa angani, na kusema kweli hajakosea sana. Tunakaa chumbani mbele ya skrini za rada, tumevaa hedfoni, tunawaambia marubani washuke, wapande, wasubiri. Kazi ni moja tu, ndege zisikaribiane.

Chumba chetu cha zamani kilikuwa kibovu. AC inavuja, viti vimechanika, zulia linanuka unyevu. Lakini tulikaa wawiliwawili, bega kwa bega. Mmoja anaongea na marubani. Wa pili, tunamwita mratibu, anapokea simu kutoka mnarani na kutoka viwanja vingine, anaandika kwenye vijikaratasi na kumsogezea mwenzake.

Mratibu akipata habari ya haraka hakuiti jina. Utamsikiaje na hedfoni masikioni? Anakugonga kiwiko.

Mkono mmoja umeshika simu, kiwiko kinakugonga, kidole kinaonyesha kijikaratasi. Wewe unaendelea kuongea na rubani wako huku jicho limeshaona. Hakuna kitabu kilichoandika hilo na hakuna chuo kinachofundisha. Tulilikuta kwa waliotutangulia, nasi tukawaachia waliokuja nyuma. Miaka kumi na moja nimefanya kazi kwa kiwiko na sikuwahi hata kukifikiria.

Mwenzangu wa kugongana viwiko kwa miaka mingi alikuwa dada mmoja, tumwite Zuhura. Mzaramo wa Temeke, kwao ni hapohapo tangu mabibi na mababu. Mimi Mnyamwezi, nimejenga Pugu. Kwa hiyo ni watani.

Alikuwa ananiita Mpagazi. Kwamba babu zangu walibeba mizigo mpaka pwani, wakawakuta babu zake wamekaa barazani wanakula, wakaambiwa weka hapo. Namjibu kwamba na nyie mpaka leo bado mmekaa. Baba yangu alipofariki alikuja msibani akafanya vituko vya watani mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Nawaambia haya ili mjue naongelea mtu wa namna gani kwangu.

Sasa wakubwa wakaamua tupate chumba kipya, cha kisasa. Tukaonyeshwa michoro. Meza zimepangwa kwa nusu duara, waongoza ndege wako mbele, waratibu wako nyuma yao, wanawasiliana kwa vitufe na taa. Kwenye picha kinapendeza, hata wewe ungetamani kupiga picha pale.

Kabla ya kununua meza zenyewe ikaamuliwa ifanyike simulation.

Kwa wasiojua, ni hivi. Unajenga chumba cha uongo chenye vipimo vya chumba cha kweli. Unakalisha watu wa kweli. Unawapa ndege za uongo. Halafu unaangalia nini kinaenda kombo kabla hakijaenda kombo na abiria ndani. Ni kitu kizuri sana wakuu, na sitaki mtu atoke humu akisema nimekiponda. Ni heri ukosee kwenye mbao kuliko kwenye zege.

Chumba kipya kilikuwa bado kimejaa mafundi, kwa hiyo jaribio likafanyika kwenye ukumbi wa sherehe huko Temeke. Ndiyo, ukumbi wa harusi. Fundi wa Keko alitengeneza meza za plywood, saizi ileile, akachonga mpaka nafasi za vitufe. Skrini na taa zikaletwa za kweli. Juu darini mapambo ya kitchen party ya Jumamosi yalikuwa bado yananing'inia, na pale jukwaani anapokaa bibi harusi wakamweka msimamizi wa zamu.

Nyuma ya pazia la jukwaa wakatuweka sisi, marubani wa kuigiza, tusione chumba, ingawa mimi nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Maana lazima awepo mtu wa kujifanya rubani, anasogeza ndege kwenye kompyuta na kuongea redioni. Nilichaguliwa kwa sababu naongea puani. Hayo ni maneno ya Zuhura.

Kila rubani wa kuigiza alikuwa na karatasi. Imeandikwa dakika kwa dakika: dakika ya tano omba kushuka, dakika ya kumi na nne ndege fulani inarudi kwa hitilafu. Ile karatasi ilitakiwa kuonwa na sisi tu.

Aliyesimamia jaribio alikuwa mtaalamu, mama wa makamo, tumwite Dokta Upendo. Anakaa Tegeta, kila asubuhi anafika ameshachoka na foleni, anabadilisha viatu mlangoni, anaanza kazi. Jumatatu alitukusanya akasema hivi:

"Jamani, nawaomba sana. Hapa hajaribiwi mtu, inajaribiwa meza. Ukiona unashindwa, usijisaidie. Shindwa tu, ndicho nilichokifuata."

Tukaitikia wote, "Sawa Dokta." Na wote hatukumwamini.

Hebu mtuangalie sisi ni watu gani. Mtihani wa darasa la nne, la saba, form two, form four, form six, chuo, halafu leseni yenyewe kila baada ya muda unapimwa upya. Tangu utotoni, mtu akisimama nyuma yako na peni, ni wewe unayesahihishwa. Leo yuko mtu na saa ya kuhesabu sekunde, anaandika kila ukijikuna, halafu eti hapimi mtu?

Na tetesi zilishaanza kuzunguka, kwamba watakaoboronga hawahamii chumba kipya, wanapelekwa mikoani. Nani alizianzisha sijui mpaka leo.

Jumatatu ileile tukaanza. Zuhura mbele, nyuma yake mratibu, kijana makini tu, tumwite Benedict.

Tukio lilikuwa hili. Ndege ndogo imepaa na bado inaongea na mnara. Ghafla inataka kurudi. Mnara unampigia mratibu, mratibu anamjulisha mwongoza ndege, ambaye wakati huo anashusha ndege kubwa kwenye njia ileile. Habari ikichelewa, zinakutana.

Benedict alipokea simu, akabonyeza kitufe. Taa ikawaka kwenye meza ya Zuhura, lakini ilikuwa chini ya mkono wake anapoandika. Hakuiona. Benedict akaita. Hakusikia, alikuwa anaongea na mimi. Benedict akasimama amguse, waya wa hedfoni ukamvuta shingo akarudi kitini.

Zuhura alipogeuka, nukta mbili kwenye skrini zilikuwa zimepandana.

Dokta Upendo anaandika kwa haraka, uso umechangamka, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Zuhura akavua hedfoni.

"Nimewaua," akasema.

Nikamwambia kutoka nyuma ya pazia kwamba rubani ni mimi na niko hai, nasubiri chai. Hakucheka.

Mchana mkuu wetu wa kitengo, tumwite Mzee Lusajo, akatuita nyuma ya ukumbi, pale penye majiko ya wapishi.

"Nyie mnanitia aibu," akasema. "Ijumaa wakubwa wanakuja kuangalia. Mnataka waseme watu wa Lusajo wameshindwa hata kukaa kwenye kiti?"

Benedict akajaribu. "Mzee, lakini ile taa haionekani."

"Taa haionekani, au wewe huoni?"

Niwe mkweli, Mzee Lusajo sio mtu mbaya. Amenifundisha kazi. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu na alitaka aondoke na sifa ya chumba kipya. Lakini pale kwenye majiko alitufundisha ujinga, na sisi watu wazima tukaupokea.

Jioni nilimkuta Zuhura kwenye ngazi za ukumbi.

"Kaka, mie nikipelekwa mkoani, mama namwachia nani?"

Mama yake alipata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Zuhura ndiye anayemwogesha, ndiye anayemgeuza. Ndugu wengine wapo, ila ni wale ndugu wa kupiga simu.

Nikaingia ndani nikachukua begi langu, na karatasi ya Jumanne ilikuwa juu ya kompyuta, Dokta ameshatuwekea. Nikaipiga picha. Nikamtumia kwa WhatsApp.

Hakuniomba wakuu, naomba hilo lieleweke. Nilituma mwenyewe, kwa upendo, na nilijiona mtu mwema.

Akajibu, "Kaka, hii si ndiyo yenyewe?"

Nikamwandikia, "Desa tu hilo, kama la mtihani wa chuo. Soma."

Halafu nikamtumia na Benedict.

Jumanne mambo yakanyooka kwelikweli. Dakika ya ishirini na moja ndege inarudi. Dakika ya ishirini, Zuhura ameshatoa mkono kwenye taa. Benedict hata simu hajaiweka chini, shingo ya Zuhura imeshageuka. Ndege kubwa ikaelekezwa pembeni, ndogo ikashuka. Nyuma ya pazia nilipiga ngumi hewani kama timu imefunga.

Dokta Upendo akaangalia saa yake, akaangalia karatasi zake.

"Jana mlishindwa. Leo mmefanyaje?"

Zuhura akaangalia upande wa pazia kidogo. "Tumezoea, Dokta."

"Mmezoea kwa siku moja?"

"Ndiyo."

Yule mama hakuwa mjinga. Akarudia tukio, akabadilisha dakika. Lakini karatasi mpya ilipita mikononi mwangu kabla ya chai, na kwenye chai simu zao zikaita. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi hivyohivyo. Kila alipobadilisha kufuli, mimi nilikuwa na ufunguo.

Alhamisi alinifuata mimi peke yangu nyuma ya pazia.

"Nestory, wewe huoni chumba, unasikia sauti tu. Kuna kitu umesikia tofauti tangu Jumatatu?"

Alikuwa ananipa mlango. Sasa hivi naliona hilo. Wakati ule niliona mtego.

"Hapana Dokta. Wamechangamka tu."

Ijumaa wakubwa walikuja, tukawafanyia onyesho safi. Wakapiga makofi, tukala pilau. Tukapewa fomu ya kusaini kwamba mpangilio wa meza unafaa kwa kazi. Tulisaini wote. Kwenye ripoti Dokta aliandika kwamba matatizo ya siku ya kwanza yalitokana na ugeni wa vifaa, na baada ya hapo hayakujirudia. Aliandika alichokiona. Angeandika nini kingine?

Hapa naomba nisimame kidogo.

Nimelifikiria sana hili. Tungekuwa wabishi tungepona. Tungekuwa wavivu tungepona vilevile, maana tungeshindwa na meza ingebadilishwa. Kilichotuponza ni bidii. Tuliona kitu kinataka kuanguka tukakishikilia kwa mabega ili wageni wasione, halafu wageni walipoondoka tukaambiwa tuhamie humohumo. Nyumbani kwako ukificha ufa kwa kalenda, ukuta haujapona.

Basi tukahamia chumba kipya. Meza safi, AC baridi, viti vinazunguka. Taa ipo palepale, chini ya mkono.

Miezi ikapita. Kulikuwa na vitu vidogovidogo vya kuchelewa kusikiana, tukawa tunavimaliza wenyewe, hatuandiki. Ukiandika utasema nini, na ulisaini?

Halafu ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa zamu meza ya tatu, nina ndege zangu. Zuhura yuko meza ya kwanza, Benedict nyuma yake. Ndege ndogo ya abiria wachache ikapaa, ikaingia kwenye mawingu mazito, rubani akaamua kurudi. Mnara ukampigia Benedict.

Nilimwona kwa pembe ya jicho. Anabonyeza kitufe. Anabonyeza tena. Anapunga mkono. Zuhura ameinama anaandika, anaongea na rubani wa ndege kubwa inayoshuka. Na mimi mdomo wangu uko kwenye redio, rubani wangu ananisomea maelekezo niliyompa, siwezi kumkata.

Wakuu, niliona taa inawaka chini ya mkono wake. Nilikuwa mbali, na niliiona mimi kabla yake yeye.

Benedict alivua hedfoni akakimbia akamshika bega. Zilikuwa zimeshakaribiana kuliko inavyoruhusiwa, tena kupita kiasi. Rubani wa ndege kubwa ndiye aliyeiona ile ndogo kwenye upenyo wa wingu akakata kona. Zote zikashuka salama. Abiria wakashuka, nafikiri walilalamikia tu mvua na mabegi kuchelewa. Mpaka leo hawajui.

Zuhura alitolewa kwenye meza saa ileile. Leseni ikasimamishwa. Kamati ya uchunguzi ikaundwa.

Nikaitwa kama shahidi. Chumba kidogo, maji ya chupa mezani, watu watano. Zuhura amekaa pembeni, amevaa baibui, ameangalia mikono yake. Mbele ya mwenyekiti kuna ripoti ya jaribio letu.

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, taratibu. Kwamba tukio la namna hiihii lilijaribiwa. Meza hizihizi, taa hiihii. Aliyekuwa amekaa mbele ni Zuhura huyuhuyu, na siku nne mfululizo aliitikia ndani ya sekunde mbili.

"Kwa hiyo chumba hakina tatizo," akasema. "Tatizo ni la mtu, siku hiyo hakuwa makini."

Mafanikio niliyompa kwa mkono wangu ndiyo yalikuwa yanamnyonga. Asingeona ile karatasi, angekuwa na ripoti inayosema Jumatatu alishindwa, Jumanne alishindwa, Jumatano alishindwa. Ripoti hiyo ingemwokoa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ulishiriki jaribio. Una la kuongeza?"

Zuhura akainua uso. Hakunionyesha ishara yoyote, aliniangalia tu.

"Hapana, mwenyekiti."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekunja ngumi chini ya meza, lakini mdomo ulisema hivyo.

Uamuzi ukatoka: uzembe binafsi. Leseni ikafutwa. Akahamishiwa masjala, akapange mafaili. Na masjala yenyewe sio Dar. Ni mkoani.

Nikaenda kwa Mzee Lusajo nikamwonyesha zile picha kwenye simu yangu. Aliziangalia moja moja, akavua miwani.

"Futa hizo," akasema. "Ukifungua hili, ripoti imekufa, chumba kimekufa, wewe umekufa, na yeye ataongezewa la udanganyifu. Unamsaidia nani?"

Lilikuwa na mantiki, sikatai. Hoja za kukufanya unyamaze huwa zina mantiki sana.

Sikufuta. Jumapili moja nikaenda kwa Zuhura, Temeke. Mama yake amelazwa sebuleni karibu na dirisha apate hewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetutupa mkono siku hizi." Maneno yanamtoka kwa shida, lakini unaelewa.

Zuhura akaniletea kiti, akaniletea maji. Akaniambia karibu, habari za nyumbani, wifi hajambo, watoto hawajambo. Kila kitu kwa adabu. Hakuniita Mpagazi. Nilimchokoza, nikasema nyie Wazaramo mtu akija kwenu mnampa maji matupu. Akasema, "Samahani, nilikuwa sijaandaa." Akainuka kwenda kupika.

Wenye watani humu mnajua. Mtani wako akikutukana uko salama. Mtani akikuomba samahani, basi umeshakufa kwake.

Nikamwambia akae. Nikamweleza alichosema Mzee, kwamba nikisema ataongezewa kosa.

"Nimekata rufaa," akasema. "Sema tu. Mie leseni nishapoteza, wataniongezea nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Nina watoto, Zuhura. Nina nyumba haijaisha."

Akamwangalia mama yake pale dirishani, akanirudia mimi.

"Na mie nina mama," akasema. "Ile karatasi ulinitumia kwa ajili yake. Sasa maliza."

Nikamwahidi. Mbele ya mama yake nikamwahidi kwamba siku ya rufaa nitakuja na simu yangu na nitasema yote.

Tukirudi kazini kwetu, chumba kiko vilevile. Benedict siku hizi ana rula ndefu ya mbao, ile ya walimu ya ubaoni. Ikija habari ya haraka anamchoma nayo bega aliyekaa mbele. Inafanya kazi vizuri sana. Waratibu wengine nao wameshaleta za kwao. Wageni wakitembelea chumba, rula zinawekwa chini ya meza. Mnaona? Hata baada ya yote hayo.

Funzo mtalichukua wenyewe, ila langu ni hili. Ukiwekwa kwenye jaribio la kitu, iwe meza, mfumo wa kompyuta au utaratibu mpya wa hospitali, usikisaidie kitu hicho kifaulu. Mwenzako akishindwa mbele ya mwenye peni, mwache ashindwe. Inauma kumwangalia, najua, na bosi atanuna. Lakini aibu ya ukumbini inaisha jioni. Upendo wa kuvujisha majibu sio upendo, ni kumkopesha mtu matatizo ya kesho.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo rufaa imekuwaje?

Ilisikilizwa Alhamisi iliyopita.

Mimi nilikuwa likizo. Niliiomba mwenyewe, wiki mbili kabla, Mzee Lusajo akaisaini bila kuuliza hata swali moja. Kazini nikasema nakwenda Tabora, kuna matatizo ya shamba la familia. Sikwenda Tabora. Nilikuwa nyumbani Pugu, siku nzima napiga rangi chumba cha watoto, simu nimeizima na kuiweka juu ya kabati.

Nilipoiwasha jioni, nikaambiwa na Benedict kwamba rufaa imekataliwa, hakukuwa na ushahidi mpya. Mwezi ujao Zuhura anatakiwa awe ameripoti mkoani.

Kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwa Zuhura. Niliogopa kuufungua. Nilidhani ni matusi, na kusema ukweli nilitamani yawe matusi.

Aliandika, "Nimesikia uko Tabora. Pole na safari, kaka."

Anajua sikwenda. Kwake mpaka kwangu ni safari fupi ya boda, na ana ndugu mtaa wa pili kutoka kwangu.

Picha bado ninazo. Sijafuta, na sijapeleka popote. Jukwaa liko wazi wakuu, wenye ushauri wa kisheria semeni, wenye matusi tukaneni, sitajibu kwa hasira. Ombi langu ni moja, msiniambie pole. Niliyopewa Alhamisi inanitosha.